Taasisi Isiyo na Mwenyekiti: Historia ya Utani, Kuanzia Chini ya Mnazi wa Nyamwage

Ukitoka Dar es Salaam kwenda Lindi, unaiacha Ikwiriri, unavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa, na haupiti muda mrefu unafika Nyamwage, pale njia ya Utete inapokata mkono wa kulia. Ni senta ya barabarani kama nyingine za ukanda huu: maduka, bodaboda, mama ntilie, abiria wanaonyoosha miguu. Wenyeji ni Wandengereko na Warufiji, Wamatumbi wako jirani upande wa kusini, na katikati yao wamo Wangindo, Wamakonde, Wasukuma na kila aliyeshushwa na basi akakosa sababu ya kupanda jingine. Kwa masikio ya mgeni, kelele za hapo zinaweza kufanana na ugomvi. Mtu anaitwa mwizi wa kuku mbele ya watoto wake, naye anacheka. Mwingine anaambiwa kabila lake lilichelewa siku ya kugawiwa akili. Anajibu kwamba lilichelewa kwa kuwa njia nzima lilikuwa limewabeba nyie mgongoni.

Mgeni huyo hajakutana na ugomvi, amekutana na taasisi. Taasisi zetu zikifikia umri wa kusherehekewa hutoa kitabu: ukurasa wa kwanza picha ya mwanzilishi, wa pili salamu za mwenyekiti, halafu majengo, halafu wafadhili. Utani hauna mwanzilishi, hauna mwenyekiti wala jengo, na katiba yake haijawahi kupigiwa kura. Kinachokaribia kuwa kitabu chake cha kumbukumbu ni majuzuu saba yaliyotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kati ya 1974 na 1976, chini ya uhariri wa Stephen Lucas, kuhusu utani wa makabila ya Tanzania. Nusu karne imeshatimia na sijasikia kama kuna aliyekata keki. Makala hii basi ihesabiwe kuwa kipande cha keki hiyo.

Anayetaka kujua utani unavyofanya kazi asianzie msibani wala harusini, ambako waandishi wote huanzia. Aanzie chini ya mnazi. Kuanzia Mkuranga kushuka Kibiti hadi vijiji vya delta, mnazi ni akiba ya nyumba, na mkwezi huitwa kwa kazi maalumu: aangue, alipwe kwa hesabu ya minazi aliyoikwea, aende zake. Minazi yetu ya asili ni mirefu. Mita 20 na kuendelea si kioja. Vifaa vya mkwezi ni vichache kiasi cha kutia hofu: vidato vilivyochongwa kwenye shina, kitanzi cha kamba miguuni, panga kiunoni. Mkwezi mwenye akili haendi peke yake. Anakwenda na mwenzake wa chini, ambaye kazi yake ni kufukuza watoto na mbuzi, kuokota, kuhesabu, na kumtazama aliye juu bila kupepesa macho. Mnazi unaofuata wanabadilishana.

Sasa jozi hiyo iwe ya watani. Tuseme mmoja ni Mndengereko wa hapa hapa, mwenziwe ni Msukuma aliyeingia Rufiji nyuma ya ng'ombe wa baba yake akaishia kujifunza minazi. Mndengereko ndiye aliye juu. Ameshafika kwenye makuti, na majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota, wameshamgundua shingoni. Mkono mmoja umeshika kuti bichi, wa pili unaizungusha nazi mpaka kikonyo kikatike, na hana mkono wa tatu wa kujikunia. Hapo ndipo mazungumzo yanaponoga.

"Mtani, umekwea kuangua au umekwea kuangalia shughuli ya leo iko nyumba gani?"

"Nyamaza wewe. Na nazi ikidondoka usikimbilie kuikumbatia. Si ndama huyo."

"Kamba hiyo ukiichezea kwa vidole viwili kama kikombe cha kahawa, nitakuzika kabla ya adhuhuri, na sanda nitaidai kwa mkeo."

"Nikianguka nakuangukia wewe. Msukuma hapasuki."

"Sipasuki, ila mnazi utakuwa umepata hasara. Angua, bwana, jua linapanda. Au umelala? Watu wa pwani mnaweza kulala hata mkiwa mmening'inia."

Yasome tena maneno hayo, mara hii uyaondoe matusi. Kinachobaki ni taarifa za kazi tupu: shika kamba sawasawa, sogea nazi inakuja, niko hapa chini yako, usichelewe maana jua likikolea mikono itatoa jasho. Mwanamume wa makamo aliyekwea tangu utoto huwezi kumwambia "shika vizuri usianguke". Utakuwa umemfanya mtoto, na atanuna kweli. Lakini mtani akimwambia kwamba atamzika kabla ya adhuhuri, mkwezi anacheka, na huku anacheka anaikaza kamba.

Watu huitumia methali ya aliye juu mngoje chini kwa vitisho, kama vile wa chini amebeba rungu. Kwa jozi hii ni mpango wa kazi wa siku nzima. Ninachodai kuhusu taasisi yote ya utani ni hicho hicho: mwenye ruhusa ya kukutukana ndiye mwenye wajibu wa kukubeba. Ruhusa bila wajibu haikuwahi kuwa utani, na historia yake ndefu ni historia ya watu waliokuwa wakihitaji kubebwa na wageni.

Karne ya 19 Wanyamwezi walishuka pwani kwa maelfu, pembe za ndovu mabegani, wakielekea Bagamoyo. Safari ilikuwa ya miezi. Mtu anaugua njiani, anaishiwa posho, anakufa mbali na kwao ambako ndugu hata habari hawatazipata mapema. Nani atamchimbia kaburi? Kati ya Wazaramo wa pwani na Wanyamwezi wa bara jibu lilikuwa utani. Mnyamwezi akifika kwa mtani wake anaingia jikoni bila hodi, anachukua kuku, anamwita mwenye nyumba majina mabaya. Mwenye nyumba hakasiriki. Mgeni huyo akifa, mwenye nyumba ndiye anayemzika. Bima hiyo ililipiwa kwa matusi, na malipo yake hayakuhitaji karani. Wasukuma, kwa udugu wao na Wanyamwezi, wameingia kwa mlango huo huo, na ndiyo sababu Msukuma wa Nyamwage hakuhitaji kuomba ruhusa ya kumcheka mtu wa pwani. Aliikuta imeshawekwa na wazee asiowajua.

Mlango mwingine ulikuwa vita. Wahehe na Wangoni walipigana vibaya mwishoni mwa miaka ya 1870 na mwanzoni mwa ile ya 1880, pasipo mshindi wa wazi. Leo ni watani wanaokumbushana nani alimkimbia nani, na kila upande una majibu yake. Sijui taasisi nyingine nchini iliyofanya usuluhishi wa namna hiyo bila kikao hata kimoja.

Wasomi waliufikia utani kwa kuchelewa. Marcel Mauss wa Ufaransa aligusa jambo hili 1926, na mwaka 1940 Mwingereza Radcliffe-Brown akaandika makala iliyokuja kutegemewa kila mahali: kwamba huu ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, ambapo mmoja anaruhusiwa kumkejeli mwingine na mwingine anatakiwa asikasirike. Kwa Tanganyika, aliyekaa chini akaorodhesha kabila kwa kabila, nani ni mtani wa nani, alikuwa mtaalamu wa ndege. Reginald Moreau alifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na jina lake linakumbukwa zaidi katika elimu ya ndege wa Afrika. Lakini mwaka 1941, na tena 1944, alichapisha makala juu ya utani. Pengine aliyezoea kusikiliza ni ndege gani anamwitikia nani ndiye aliyefaa. Watani wa Moreau, kama wapo, nadhani walikuwa na la kusema kuhusu mzungu anayekaa porini kutwa nzima akitazama mashomoro.

Ndani ya nyumba taasisi hii ina matawi ambayo hayajali kabila: babu na mjukuu, mtoto wa shangazi na mtoto wa mjomba, shemeji na shemeji. Bibi wa Kirufiji humwita mjukuu wake wa kiume "mume wangu" na kumdai kitoweo. Mjukuu anamjibu kwamba meno ya kukitafuna yako wapi. Hilo halihitaji maelezo kwa msomaji wa Kiswahili, nalipita.

Bonde la Rufiji lenyewe limeupa utani mitihani mizito kuliko misafara. Maisha ya bonde yalifuata mto: mafuriko yakija kwa kiasi, mpunga unastawi, yakizidi, watu wanahama. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na wakazi wa bondeni wakahamishiwa vijiji vya ujamaa kwenye ardhi ya juu. Familia zilizokuwa zimetawanyika kando ya mto zikajikuta ukuta kwa ukuta na watu ambao hawakuchagua kuwa majirani zao. Katika kijiji cha namna hiyo adabu tupu haitoshi. Adabu ni kwa mtu unayekutana naye mara moja moja. Unayemwona kila asubuhi akienda kuchota maji mbele yako unahitaji njia ya kumwambia kwamba mbuzi wake amekula mihogo yako, na umwambie kwa namna ambayo jioni bado mtakaa baraza moja.

Mtihani uliofuata ulikuja na ng'ombe. Kati ya 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu, Ihefu, na wengi wakaelekezwa mikoa ya Pwani na Lindi. Wasukuma walioingia Rufiji walikuta wakulima ambao hawakuwa wamezoea kuona kundi la ng'ombe likikatiza shambani. Migogoro imekuwapo, mingine ya kumwaga damu, na utani haukuizuia. Nisiudanganye umma. Nilichokiona ni kwamba pale ambapo Msukuma na Mndengereko wamefanya kazi moja, ya mnazi, ya mkaa, ya gari bovu linalosukumwa, ile ruhusa ya zamani ya misafara huamka. Pale walipoonana kwenye mpaka wa shamba tu, hulala fofofo.

Halafu kulikuwa na 2016 na 2017, miaka ya mauaji ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambapo viongozi wa vijiji na askari polisi waliuawa na bodaboda zikapigwa marufuku kutembea usiku. Kwa msimu huo utani ulinyamaza barabarani. Huwezi kumwambia mtu utamzika kabla ya adhuhuri wakati kuna wanaozikwa kweli. Ulirudi polepole, nao ulianza, kama unavyoanza kila mara, kwa watu wa kazi. Mwaka 2024 mto ulipofurika mwezi Aprili na kimbunga Hidaya kikakata barabara ya kusini huko Somanga mwanzoni mwa Mei, waliokwama walikuwa na taasisi yao tayari. Basi lililosimama siku nzima ni mahali pazuri pa kuulizana ni kabila gani lililoleta mkosi.

Msibani utani huvaa sare rasmi. Hapa ndipo wajibu unapodaiwa, na ndipo wageni wanapofunika macho. Mtani wa marehemu hufika akilia kwa kejeli, huvaa kanzu au koti la marehemu, huigiza mwendo wake, kikohozi chake, namna alivyokuwa akikwepa madeni. Kama marehemu alikuwa mkwezi, mtani hudai kamba yake: ati akahakikishe juu ya mnazi kama kweli amekufa au amejificha huko asilipe. Anaweza kushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka na machozi yanawatoka palepale, na hilo ndilo kusudio. Watani hao hao ndio waliochimba kaburi, wakateka maji, wakapasua kuni, kazi ambazo mwenye uchungu hapaswi kuzishika. Masheikh kadhaa hukemea vituko hivyo makaburini, na wana hoja zao, kwa kuwa mazishi ya Kiislamu yanataka utulivu. Katika misiba mingi watu wamepata mwafaka wao: maziko yanakwenda kwa heshima ya dini, utani unasubiri watu warudi matangani.

Jina la taasisi hii limekopeshwa kila mahali, wakati mwingine kwa mkopaji asiyelipa. Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, huitwa watani wa jadi, na Nyamwage kama kila mahali jirani atakumbushwa mabao matano ya Novemba 5, 2023 hadi kaburini. Simba nao wana 6-0 yao ya 1977 ambayo wengi wanaoitaja hawakuwa wamezaliwa. Huu ni utani kwa nusu. Ruhusa ya kukejeli ipo, tena bila mipaka, lakini shabiki wa Yanga akivunjika mguu hakuna kanuni inayomtuma shabiki wa Simba ampeleke zahanati. Akimpeleka, ni kwa ujirani. Wanasiasa nao husimama jukwaani, wakataja watani wao wa kabila fulani, watu wakacheka, kura zikaombwa. Sioni ubaya, mradi tusisahau kwamba mtani wa kweli angeulizwa pia jembe lake liko wapi.

Wanaoukaribia ukamilifu wa jozi ya mnazi ni wagumu wa Kilimanjaro, wapagazi wanaobeba mizigo ya watalii kuelekea mita 5,895. Mchaga na Mpare wakipanda njia moja, kila mmoja na kilo zake 20 kichwani, Mpare ataambiwa amshitaki mlima kwa kuwa mrefu, na Mchaga ataulizwa kama ameshapata mnunuzi wa theluji. Mwenye pumzi ya kutania bado ana pumzi ya kupanda. Anayeacha kujibu ndiye anayetazamwa. Wapagazi hawahitaji kifaa cha kupima hilo.

Wenzetu wa Niger walipeleka utani wao UNESCO, ukaingizwa mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Ni heshima kubwa. Hapa kwetu tishio la karibu zaidi, kwa upande wa wakwezi, halijatoka kwenye usasa unaolaumiwa kila siku. Limetoka kwenye mbegu. Ugonjwa unaokausha minazi umekuwa ukila mashamba ya pwani kwa zaidi ya karne, na tangu Mradi wa Taifa wa Minazi ulipoanza 1979 wataalamu wamekuwa wakitafuta aina zinazostahimili, zikiwamo fupi. Mnazi mfupi unazaa mapema na unaanguliwa na mtu aliyesimama chini, peke yake, akipiga mluzi. Mkulima anafaidi. Lakini hapo hakuna aliye juu wa kumngoja, wala wa chini wa kutukanwa, na mtu aliyezoea jozi akiuangua mnazi huo utamsikia anaongea mwenyewe.

Swali ambalo wazee wa Nyamwage hubishania, na ambalo sijalikuta likijibiwa vizuri popote, ni la ndoa. Mkwe ni mtu wa heshima. Unampigia shikamoo ukiwa umeinama, hukai naye mkeka mmoja. Mtani ni mtu wa kutukanwa. Mtani akioa kwenu, sheria ipi inatangulia? Wengi husema baba mkwe anatoka kwenye utani siku mahari inapopokelewa, lakini shemeji hawatoki. Wao utani wao unakuwa wa mara mbili, wa kabila na wa ndoa, na wanautumia wote. Ndiyo maana Msukuma akipeleka posa kwa Wandengereko, na wazee wake wakasema kwa majivuno kwamba mahari itakuwa ng'ombe, baba wa binti hunyamaza kwa adabu yake mpya ya ukwe. Ndugu wa binti ndio hujibu kwamba ng'ombe wamepokelewa kwa mikono miwili, ila bwana harusi alete na kamba ndefu, awapandishe mwenyewe juu ya mnazi kabla hawajamaliza mpunga wa watu.